Mlango Namba 25

Kijana wa bodaboda alikuwa amenuna. Tulikuwa tumekubaliana anichukue saa moja asubuhi nyumbani kwa mjomba, pale Tunduma karibu kabisa na mpaka wa Zambia, na mimi nilitoka saa moja kamili kwa simu yangu, begi mgongoni, nikijiona mtu wa kutunza ahadi.

"Dada, umenikalisha saa nzima," akasema.

Sikumjibu. Vijana wa mpakani wana maneno mengi, na mbele yangu kulikuwa na safari ya kwenda Chitete katika matope ya Februari. Nilimwonyesha tu simu. Akaitazama, akatikisa kichwa, akawasha pikipiki. Laiti ningemuuliza kwa nini alitikisa kichwa, ningeokoa nusu ya mchana ule.

Mwaka ulikuwa 2014. Wilaya ya Momba ilikuwa na miaka miwili tu tangu imegwe kutoka Mbozi, na mkoa wetu bado ulikuwa Mbeya. Songwe ilizaliwa 2016. Ofisi moja ya Chitete, ambayo jina lake nalihifadhi, ilikuwa imenipa kibarua cha kufunga seva ya barua pepe. Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta ya mezani iliyokwisha kustaafu kazi za uhasibu. Umeme ulikuwa wa jenereta. Intaneti ilitoka kwenye modemu ya laini ya simu iliyoning'inizwa dirishani ndani ya mfuko wa nailoni, maana ikishushwa mezani haishiki mnara. Mpango ulikuwa watu wa ndani waandikiane bila kuhitaji mtandao, na barua za nje zikae foleni ndani ya mashine. Modemu ikipata mawasiliano, ziondoke kwa mkupuo. Foleni si neno geni kwetu. Malori ya kuvuka kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yamewahi kutufundisha maana yake kwa siku nyingi mfululizo.

Siku iliyotangulia, Ijumaa, kazi ilinishinda. Programu ilijipakia vizuri, ikaanza kuwasha huduma zake moja baada ya nyingine: kitabu cha majina kwanza, kisha masanduku ya watumiaji, kisha ile ya kupokea na kupeleka barua. Hapo ikakwama na kuniandikia kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kuwaka. Nikarudia. Ikashindwa tena. Mama mhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Dada, imegoma?"

"Imegoma, mama."

Jioni nikarudi Tunduma, nimelowa na nimechoka, nikaenda kulala kwa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa bwana posta. Aliingia kazini 1979, miaka miwili baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika. Shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika pamoja na Jumuiya, Tanzania ikabaki na la kwake, Shirika la Posta na Simu. Yeye alikaa dirishani akipima barua, akigonga mihuri, akiandika rejesta, akifungua na kufunga mifuko. Mwanzoni mwa 1994 shirika likagawanywa, posta upande wake na simu upande wake, na mjomba akabaki na barua. Mpaka leo hasemi "mtandao" bila kukunja uso kidogo, kama mtu anayemtaja mke wa pili.

Usiku ule nilimweleza tatizo langu kwa lugha niliyodhani ataielewa: kwamba nimejenga posta, kila mfanyakazi amefika, ila wa dirishani anakataa kukaa kwenye kiti chake. Akaniuliza swali moja.

"Kwani kwenye kiti hicho hakuna mtu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Barua hailali njiani, mama. Inalala mlangoni. Wewe mwenyewe unajua."

Ninajua. Mwaka 1996 nilikuwa nasubiri barua ya kujiunga na kidato cha tano. Wakati huo Tanzania haikuwa nchi ya tarishi kuja hadi kizingitini. Barua ilikwenda kwenye sanduku la posta, na asiye na sanduku alitumia la shule, la parokia au la duka. Sisi tulitumia la shule. Nilisubiri wiki tatu, mama yangu akaanza kusema labda sikuchaguliwa. Kumbe barua ilikuwa imeshafika Tunduma, muhuri ukisema imefika mapema kabisa, lakini mwalimu mwenye ufunguo wa sanduku alikuwa likizo kwao na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Barua ilisafiri zaidi ya kilomita mia tisa kutoka Dar es Salaam bila tatizo, ikashindwa na kijimlango cha bati kisichozidi kiganja.

Nimeichunguza historia ya upande wetu kwa jicho hilo la mjomba, na kila nikiichunguza naona yuko sahihi.

Njia ya barua ya zamani zaidi ninayoijua hapa ni ile iliyoitwa Barabara ya Stevenson, ikitoka Karonga kwenye Ziwa Nyasa kuelekea ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Ilianza kufyekwa 1881, kwa fedha za James Stevenson, mfanyabiashara wa Scotland. Ukiiita barabara unaiheshimu mno. Vipande vingi vilibaki kuwa njia ya miguu. Lakini ilikuwa na uzito mkubwa, kiasi kwamba Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi mwaka 1890, mstari ulichorwa kaskazini ya njia hiyo ili ibaki upande wa Waingereza. Mwaka 1898 wapimaji wa pande mbili wakaja kuutafuta mstari huo porini kwa darubini na nguzo. Wanyamwanga, wenyeji wa pande hizi ambao hakuna aliyewauliza, wakaamka wako nchi mbili. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye serikali mbili, na chanzo chake ni njia ya wapeleka barua na mizigo.

Barua za wakati ule zilibebwa na watu. Tarishi alipasua ncha ya kijiti, akaibana barua humo na kukishika mbele yake kama bendera, jasho lisiiguse karatasi na kila amwonaye ajue huyu ametumwa. Njia ilikuwa na simba na mito, ila jamaa hao walifika.

Kisha ukaja waya. Tajiri Mwingereza Cecil Rhodes alitaka laini ya simu ya maandishi kutoka Cape Town hadi Cairo, na waya wake ulipanda kupitia Nyasa ukaikuta njia ya Stevenson, kusini kidogo tu ya hapa tunapouza mahindi leo. Mbele kulikuwa na nchi ya Wajerumani. Machi 1899 Rhodes akaenda Berlin mwenyewe kumwomba Kaiser Wilhelm wa Pili ruhusa ya kupita, akapewa. Alikufa 1902. Waya ulifika Ujiji na hapo ukaishia, Cairo haikuuona. Waya una maadui wengi kuliko karatasi. Kule Kenya, Wanandi waliukata wa reli ya Uganda wakajitengenezea mapambo, na wenye waya wakawaita wezi. Siku hizi greda la barabara likikata mkongo wa mawasiliano tunasema ni bahati mbaya.

Tukio linalonigusa kuliko yote ni la Novemba 1918. Jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck, na askari wake Waafrika pamoja na wapagazi waliokuwa wakifa kwa njaa na mafua, alikuwa ametoka Msumbiji, akapanda kupitia nyanda zetu hizi za Mbozi huku akichota chakula cha wanakijiji, na mwanzoni mwa mwezi huo akaishambulia Fife, boma la Waingereza lililokuwa si mbali na Tunduma ya leo. Hakuliteka. Akalipita, akaingia ndani zaidi ya Zambia ya leo, akaishika Kasama tarehe 13. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha siku mbili kabla, tarehe 11. Habari ilivuka bahari kwa waya, ikashuka bara kwa waya, haraka kuliko mvua. Ila waya uliishia pale waya ulipoishia, na jenerali alikuwa porini. Habari alikuja kuipata kutoka kwa mjumbe wa pikipiki aliyetekwa na watu wake akiwa amebeba ujumbe wa Waingereza kwa Waingereza, na kwa hakimu Mwingereza aliyemfuata na bendera nyeupe kwenye mto Chambeshi. Tarehe 25 akasalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Ujumbe ulivuka mabara mawili vizuri kabisa, ukakwama kwenye kipande cha mwisho, na kuna wapagazi waliokufa katika siku hizo za ziada ambao hata majina yao hayakuandikwa popote. Kwao amani ilikuwepo tayari, ila ilikuwa bado kwenye mfuko wa mtu mwingine.

(Kitu pekee ninachokijua kilichofika upande wetu bila anwani na bila kuchelewa ni kimondo cha Ivuna, Desemba 16, 1938. Hicho hakikupitia dirisha la mtu.)

Reli ya TAZARA ilipoanza kazi rasmi mwaka 1976 Tunduma ikawa mji. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sisi katikati na kibao cha stesheni. Chitete iliendelea kupata barua zake kwa mikono: dereva wa lori la mpunga anayekwenda Kamsamba, katekista mwenye baiskeli, mwalimu anayerudi kuchukua mshahara. Mjomba anakumbuka madereva waliopewa barua ishirini kwa mara moja na wote wakazifikisha. Barua zilizopotea, anasema, zilipotea zikiwa zimeshakabidhiwa.

Barua pepe nayo haikuja kama watu wanavyodhani, kwa mtu kufungua kompyuta na kuandika. Upande wa pili wa mpaka walitutangulia: Zambia iliwasha intaneti kamili Novemba 1994 kupitia ZAMNET, kampuni iliyoanzia Chuo Kikuu cha Zambia, na wakati huo kusini ya Sahara ni Afrika Kusini tu iliyokuwa mbele yao. Kwetu, kabla ya intaneti, kulikuwa na barua pepe bila intaneti. Madaktari wa Muhimbili walitumia HealthNet ya shirika la SatelLife la Marekani: ujumbe uliandikwa, ukahifadhiwa kwenye mashine, ukasubiri ama simu ipigwe ama setilaiti ndogo ipite juu, ndipo ukaondoka na mwingine ukaingia. Kupokea, kutunza, kusubiri gari, kupeleka. Nilipomsimulia mjomba utaratibu huo, ule uso uliokunjwa ukakunjuka. "Hiyo ni posta," akasema.

Na ni posta kwelikweli, hata kwa sheria. Agosti 1982 Wamarekani walipochapisha kanuni ambazo zile za barua pepe za leo zimejengwa juu yake, waliandika kwamba kila mahali panapopokea barua pepe lazima pawe na anwani ya bwana posta. Si hiari. Seva inaweza kukosa akaunti ya mkurugenzi, ya mhasibu, ya aliyeinunua. Ya bwana posta haiwezi kukosa, ili barua ikipotea kuwe na mtu wa kuulizwa. Na kila seva inayopokea barua za wenzake hufungua mlango mmoja unaojulikana dunia nzima, namba 25. Sisi mafundi tunauita poti. Mlango huo kwenye anwani moja hukaliwa na mmoja tu. Wawili hawaenei.

Usiku ule nikiwa kitandani, simu yangu ubavuni ikigombaniwa na minara ya nchi mbili, swali la mjomba likanirudia. Kwenye kiti hicho hakuna mtu?

Kabla sijalala alikuwa amenisimulia jambo jingine, na sikulitilia maanani. Nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, bwana posta akifika kazini huanza na nini. Nilitegemea aseme kufungua mfuko. Akasema hapana: kabla ya mfuko, kabla ya dirisha, anachukua muhuri na kubadili tarehe. Vile vipande vya chuma vidogo, siku, mwezi, mwaka, vinachomolewa kwa kibano na kupangwa upya, kisha muhuri unagongwa mara moja kwenye kitabu, bwana posta anatia sahihi pembeni. "Muhuri wa tarehe ndiyo posta yenyewe. Ukikosea tarehe, unaweza kukuta barua imefika kabla haijaandikwa. Nani atakuamini?"

Asubuhi alikuwa ameshakwenda shambani. Ndiyo maana hakukuwa na wa kuniambia chochote nilipotoka na kumkuta kijana wa bodaboda amenuna.

Chitete tuliwasha jenereta saa nne. Betri ya ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa, ile ya duara kama shilingi, hivyo kila ikinyimwa umeme ilisahau leo ni lini. Mama mhasibu akaisomea saa ya ukutani nami nikaiandika. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya Ijumaa: nikaiamuru mashine inionyeshe nani amekaa kwenye kila mlango. Namba 25 ilikuwa na mtu. Jina lake liliandikwa *master*, yaani bwana.

Wale wa kazi hii watacheka, maana wanamfahamu. Mfumo wa mashine ulikuja na mpeleka barua wake mwenyewe, Postfix, programu nzuri ya Wietse Venema, Mholanzi aliyeiandika mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfanyakazi wake mkuu ndiye huyo bwana. Alikuwa ameketi dirishani tangu siku mfumo ulipowekwa, kimya, akisubiri barua za ndani ambazo hakuna aliyeziandika. Programu yangu mpya ilifika na bwana posta wake, ikakuta kiti kina mtu, ikaondoka. Na si kwamba haikusema. Nilipofungua kumbukumbu za Ijumaa nilikuta ilinionya mapema: mlango 25 umekaliwa, bonyeza Enta kuendelea. Nikabonyeza. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha na mimi nilikuwa na haraka. Hilo kosa ni langu, si la programu wala la ofisi.

Nikamsimamisha. Kumsimamisha peke yake hakutoshi, kwa sababu mashine ikizimwa na kuwashwa anarudi kazini kama mstaafu asiyekubali kustaafu. Nikamfuta pia katika orodha ya wanaoamka na mashine. Jina la mashine nalo lilikuwa limeandikwa vibaya, likijielekeza kwake lenyewe badala ya kwenye anwani ya ofisini. Nikalinyoosha. Nikafuta kila kitu na kuanza upya. Saa nane na nusu mchana programu ikajitengenezea cheti cha kujitambulisha, na muda mfupi baadaye huduma zote zikawaka. Mama mhasibu akamwandikia mtunza stoo barua ya maneno mawili, na mtunza stoo akapiga yowe kutoka chumba cha pili.

Saa tisa kasoro jenereta ikazimwa ili iongezwe mafuta. Dakika kumi hivi. Kuwasha tena, mashine ikaamka ikiamini ni Januari 1 ya mwaka 2007, ikalalamika kwamba diski yake ilitumika mara ya mwisho katika siku ambazo hazijafika. Mama mhasibu alikuwa nje na watu wa mafuta. Nikachukua simu yangu, nikasoma saa, nikaiandika, nikawasha huduma.

Hakuna kilichowaka. Safari hii hata kitabu cha majina, cha kwanza kabisa, kilikataa, na kikikataa hicho wengine wote hawasogei. Nikaangalia mlango 25: mtupu. Jina: sawa. Nikazima, nikawasha. Nikasoma kumbukumbu mstari kwa mstari, zikisema cheti si halali, na mimi nilikitengeneza mwenyewe chini ya saa moja iliyopita! Nikaanza kufikiria kufuta tena. Mikono ilikuwa inatetemeka, sijala tangu asubuhi. Nikatoka nje, nikakaa kwenye gogo, mama mhasibu akaniletea muhogo wa kuchemsha na chumvi, nikala bila kusema. Niliporudi nikawasha huduma kwa mara ya mwisho kabla ya kukata tamaa, bila kubadili hata herufi moja.

Zikawaka zote.

Mafundi wengi hapo wangemshukuru Mungu na kudai malipo. Mimi niliogopa. Kitu kinachopona chenyewe kitaugua chenyewe. Nikakaa nikitazama kioo, na pembeni ya kioo, ukutani, ile saa ya ofisi. Ilisema saa tisa na dakika arobaini. Mashine ilisema saa nane na dakika arobaini.

Zambia iko saa moja nyuma yetu. Kila mtu wa Tunduma anajua. Ukipanga miadi Nakonde lazima useme saa ya wapi. Usiku ule kwa mjomba simu yangu ilishika mnara wa ng'ambo, ikapokea saa ya ng'ambo, na ilipogeuka kushika mnara wa kwetu asubuhi haikujisumbua kuirudisha. Ndiyo maana bodaboda alinuna. Ndiyo maana, nilipoisetia mashine saa kwa simu hiyo, cheti kilichozaliwa saa nane na nusu kilijikuta kwenye saa nane: hakijazaliwa bado. Kitabu cha majina hakiwezi kumpokea mgeni mwenye cheti cha kesho. Nilipokuwa nje nakula muhogo, saa ya Zambia ilifika saa nane na nusu, cheti kikazaliwa mara ya pili, na huduma zikawaka kama vile hapakuwa na ugomvi.

Nilipomrudishia mjomba kisa hiki jioni, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama nimebadilisha tarehe kabla ya kufungua mfuko.

"Nilibadilisha, mjomba. Nikakosea saa."

"Na bwana posta wenu ni nani?"

Sikuwa nimemteua. Akaunti ilikuwepo, kama kanuni inavyotaka, bila mtu. Jumatatu nikapiga simu Chitete na kumwelekeza mama mhasibu jinsi ya kuifungua. Alikuwa bwana posta kwa miaka mitatu, na kila asubuhi baada ya kuwasha jenereta alisoma saa ya ukutani na kuiandika kwenye mashine kabla ya kumruhusu mtu yeyote kufungua barua. Hakuna aliyemfundisha kuweka sahihi, lakini alikuwa na daftari, na humo aliandika tarehe na saa na kutia sahihi pembeni. Mwaka 2017 ofisi ilihamishia barua zake kwenye huduma ya kukodi, na mashine ile ikaenda stoo.

Mkongo wa Taifa unavuka Tunduma kuingia Zambia, kituo cha pamoja cha forodha kimefunguliwa tangu Oktoba 2019, na Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ililenga kuupa kila mtaa jina na kila nyumba namba. Njia zimekuwa nzuri kuliko wakati wowote tangu kijiti kilichopasuliwa. Kwa hiyo wewe fundi uliyeitwa kwenda kufunga seva Chitete, Msangano au Ndalambo: ukiona huduma imegoma kuwaka, usianze kulaumu mtandao. Tazama nani amekaa mlango 25, kisha tazama saa. Pita Tunduma ununue betri ya CR2032, inauzwa kwenye vibanda vya mafundi simu. Na kama ulilala karibu na mpaka, saa muulize mwenye bodaboda.